Nimemtengenezea Anko wa chipsi tovuti kwa mradi wa chuo, hataki hata kuiona. Nimekosea wapi?

#1 FundiWaKurasa (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni.

Nipo mwaka wa mwisho, shahada ya TEHAMA, chuo kimoja hapa Dar. Mradi wangu wa kumalizia ni tovuti ya banda la chipsi lililo nyuma ya hosteli yetu, maeneo ya Ubungo. Mwenye banda wote tunamwita Anko. Miezi mitatu nimekesha nayo: kuna menyu, picha, kikapu cha kuagizia, mteja kujisajili, na sehemu ya Anko mwenyewe kuingia na kubadilisha bei. Lugha ya kuandikia ni PHP, databesi (ghala la taarifa) ni MySQL. Kodi zote nimeandika kwa mkono wangu, sikudesa popote.

Wiki mbili zilizopita nikamfungulia kwenye simu yake. Akapangusa mikono kwanza, akaitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama, akasema "nzuri mdogo wangu", akarudi kumenya viazi. Tangu siku hiyo oda iliyoingia ni moja, nayo niliiweka mimi kujaribu. Hata wanafunzi wenzangu wanaokula pale kila siku hawaigusi.

Natetea mradi baada ya wiki tatu, na msimamizi anataka barua ya Anko kwamba mfumo unatumika. Linki ipo kwenye wasifu wangu. Semeni ukweli, sinuni.

#2 Pilipili_Pembeni
Kodi zote umeandika kwa mkono wako? TRA wakusikie, wewe ni hazina ya taifa.

#3 Kigogo_wa_Serva
Nimefungua. Mkuu, ukurasa wa mbele peke yake una MB 38! Picha tisa, kila moja kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu, pikseli elfu nne kwa upana, halafu inaonekana kwenye kisanduku cha ukubwa wa kiberiti. Mwanafunzi mwenye bando la siku la MB mia mbili akiingia mara tano bando limekata, njaa iko palepale. Huo ndio ugonjwa wako, usitafute mwingine. Punguza kila picha iwe pikseli 800 kwa upana, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha nyepesi), itashuka mpaka KB mia na kitu. Asubuhi moja umemaliza.

#4 KasukuWaKijani
Ngoja nivute kigoda.

#5 Binti_Mabibo
#3 umeongeza chumvi. Nimeipima sasa hivi, inashusha MB 27, hizo nyingine ni picha za chini kabisa ambazo zinakuja ukishuka. Na ukiingia mara ya pili simu inakuwa imeshazihifadhi, haizishushi upya. Ila hata 27 kwa chipsi ni dhambi.

Mimi kilichonishangaza ni picha ya kwanza. Ile ni baga, tena ina jibini linachuruzika. Anko anauza baga?

#6 FundiWaKurasa
Asanteni #3 na #5, picha nazipunguza usiku huu. Baga niliichukua mtandaoni kwa sababu picha za bandani zilitoka giza. Anko hauzi baga.

#7 Pilipili_Pembeni
Na picha ya tatu chipsi ziko kwenye mfuko wa Rambo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Umemwekea mwenzio ushahidi wa mahakama hadharani halafu unashangaa kaitazama kama barua ya mahakama.

#8 Mzee_wa_Chaki
Nimesimamia miradi ya wanafunzi zaidi ya miaka kumi, chuo sikitaji. Niseme jambo ambalo huwa hatuwaambii: hiyo tovuti hukumtengenezea Anko. Umetutengenezea sisi tunaokaa kwenye jopo. Angalia vilivyomo. Kujisajili, neno la siri, kikapu, ukurasa wa msimamizi, ripoti ya mauzo ya mwezi. Hiyo ni karatasi ya alama, kila kisanduku kimewekewa tiki. Kila mwaka napokea mfumo wa hoteli, mfumo wa duka la dawa, mfumo wa maktaba, mfumo wa saluni; ukibadilisha nembo ya juu, duka la dawa linageuka saluni. Nyuma yake ripoti ya sura tano na hojaji za watu thelathini ambazo nusu kajaza mwanafunzi mwenyewe kwa kubadilisha kalamu.

Swali langu ni dogo. Kabla hujaandika mstari wa kwanza, ulikaa bandani kwa Anko muda gani?

#9 FundiWaKurasa
Mwalimu... muda wa kula.

#10 KasukuWaKijani
Mshtakiwa amekiri kosa bila kuchapwa.

#11 Dada_wa_Kibokoni
Hamjambo, niko Mombasa. Dadangu yuwauza viazi karai, bajia na mahamri hapa Kibokoni. Binamu yetu alimfanyia websaiti alipokuwa chuo, nzuri wallahi, ina hadi jina lake linazunguka. Haijaleta mteja hata mmoja. Kinachouza ni stetasi ya WhatsApp. Alfajiri akishatoa mahamri ya kwanza apiga picha ya sinia, moshi waonekana, aandika "mbaazi za nazi zipo". Saa tatu asubuhi sinia jeupe. Kulipa ni till ya M-Pesa, ameichapisha kwa karatasi akaifunika na nailoni kwa sababu ya mafuta. Websaiti twaitumia kumwonyesha shemeji wa Nairobi akija.

#12 Forodhani_Jioni
Mimi nakataa. Niko Unguja, mjomba wangu ana meza pale Forodhani. Mgeni anayekuja baada ya magharibi keshatazama kwenye ramani ya Google tangu yuko hotelini, keshaona picha ya pweza, keshaona bei. Mjomba alipoweka menyu na bei kwa Kiingereza na Kitaliano, ugomvi wa "mbona yule umemuuzia rahisi" ulipungua nusu. Kwa hiyo mtandao unafanya kazi, ila unafanya kazi kwa mtu asiyekujua. Anko wateja wake ni wageni au ni walewale wa jana?

#13 Boda_wa_Sinza
Mimi ni boda, napeleka vyakula. Nimejaribu kuagiza hapo kwenye linki ili nimuunge mkono dogo. Imenidai jina kamili, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na namba ya nyumba. Chipsi hizo au pasipoti? Nikaacha. Na hiyo namba ya nyumba mteja gani anaijua? Sisi tunaelekezana "njoo mpaka kwenye mwembe, ulizia kwa fundi redio".

#14 Binti_Mabibo
#13 namba za nyumba zipo. Operesheni ya anwani za makazi ilifanyika 2022 kabla ya sensa ya Agosti, vibao vimejaa mitaani.

#15 Boda_wa_Sinza
Kibao kipo ukutani, sijakataa. Mwenye nyumba mwenyewe akikuelekeza hakitaji.

#16 Binti_Mabibo
Hapo sibishi. Lakini tarehe ya kuzaliwa ni kosa la wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na msingi wake mmoja ni kwamba usikusanye taarifa usizozihitaji. Zege halihitaji tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

#17 Dada_wa_Kibokoni
Samahani, zege? Kwetu zege ni la kujengea.

#18 Pilipili_Pembeni
Dada, hata huku ni la kujengea. Tunajenga tumbo. Zege ni chipsi mayai.

#19 KasukuWaKijani
Linaitwa zege kwa sababu viazi ni kokoto na mayai ni saruji.

#20 TomatoSosi
Uongo, linaitwa zege kwa sababu ukila halikutoki mpaka kesho.

#21 Kigogo_wa_Serva
Turudi kwenye mada. Nimekagua kodi za ukurasa. FundiWaKurasa, kitufe chako cha WhatsApp umeweka wa.me halafu mkwaju (/) halafu namba inayoanza na 07. Haifanyi kazi hivyo. Inatakiwa namba ya kimataifa bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: 255 kisha 7 na kuendelea. Nimekibonyeza, WhatsApp inaniambia namba haipo.

#22 FundiWaKurasa
Mungu wangu. Nilijaribu kila kitu isipokuwa hicho kitufe, niliona ni linki tu. Nimerekebisha sasa hivi.

#23 TomatoSosi
Basi uzi ufungwe, mgonjwa kapona. Wateja walikuwa wanabonyeza hawampati Anko.

#24 Mzee_wa_Chaki
TomatoSosi, usiharakishe mazishi. Kitufe kilikuwa kimekufa wiki mbili na hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika. Mlango umefungwa wiki mbili, hakuna aliyegonga. Hiyo inakwambia nini?

#25 Mama_Lishe_Nyegezi
Wanangu, mimi siandiki sana humu, nasoma tu. Nina banda la chakula Mwanza, wali, ugali, sangara, siku ya Ijumaa pilau. Ngoja niseme upande wa huyo Anko maana wote mnaongea kama mafundi.

Mwaka juzi alikuja mwanafunzi wa field, kijana mpole, akaniomba anitengenezee. Akanitengenezea. Akapata alama zake, akaja kunishukuru na soda. Baada ya miezi kama mitatu nikabadilisha laini ya simu. Nikamtafuta anibadilishie namba, simu yake haipatikani. Neno la siri analo yeye. Mpaka leo mtu akitafuta jina la banda langu anakuta namba ya zamani, na ile laini ameshapewa mtu mwingine, mwanamke mmoja mkali, akipigiwa kuulizwa kama sangara wapo anatukana. Wali bado umeandikwa bei ya kipindi kile. Mteja anakuja na hela kamili mkononi, nikimwambia imepanda anasema namdhulumu, ananionyesha kwenye simu.

Kwa hiyo Anko akikwambia "nzuri mdogo wangu" akaendelea na viazi, mimi namwelewa. Wewe unaondoka Julai. Yeye yupo.

#26 FundiWaKurasa
Mama, pole sana. Shikamoo. Hilo sikuwahi kuliwaza, kwenye ripoti sura ya matengenezo nimeandika nusu ukurasa tu, "mfumo utafanyiwa maboresho mara kwa mara".

#27 Mama_Lishe_Nyegezi
Marahaba. Na nani atayafanya hayo maboresho?

#28 KasukuWaKijani
Kimya kimetanda.

#29 Mchambuzi_wa_Mtaa
Mnazunguka mbuyu. Anko anaogopa kuonekana. Mfanyabiashara mdogo kujianika na bei zake, picha, ramani na "ripoti ya mauzo ya mwezi" ni kama kujichongea. Mnakumbuka vile vitambulisho vya machinga vya elfu ishirini alivyogawa Magufuli 2016? Walijitokeza kwa sababu waliahidiwa hawatasumbuliwa. Hakuna ahadi, hakuna kujitokeza.

#30 Binti_Mabibo
Vilianza Desemba 2018, siyo 2016. Na vilikuwa vya wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka. Banda la chipsi lililo nyuma ya hosteli kwa mwaka linavuka hapo, piga hesabu ya kwa siku uone.

#31 Mchambuzi_wa_Mtaa
Sawa, 2018. Umeniongezea hoja. Na Oktoba 2021 walipoondolewa pembezoni mwa barabara? Mtu aliyewahi kuamka akakuta banda halipo, wewe unamwekea alama nyekundu kwenye ramani, "tupo hapa". Muulize Anko alikuwa wapi 2021.

#32 Boda_wa_Sinza
Siyo kila kitu serikali. Wengine simu tu hawazipendi.

#33 Kigogo_wa_Serva
Ushauri wa vitendo: futa PHP yote, futa MySQL, weka ukurasa mmoja tu, jina, picha mbili za kweli, saa za kazi, kitufe cha kupiga simu na cha WhatsApp. Upandishe GitHub Pages bure, hakuna hosti ya kulipia, hakuna cha kukatika mwakani. Hata tovuti ya kwanza duniani aliyotengeneza Bill Gates ilikuwa maandishi matupu.

#34 Binti_Mabibo
Bill Gates yupi jamani. Ni Tim Berners-Lee, akiwa CERN, 1991. Mengine sawa, ilikuwa maandishi na linki basi. Na ni kweli GitHub Pages haiendeshi PHP kabisa, kwa hiyo atake asitake atazifuta.

#35 FundiWaKurasa
Nikifuta databesi msimamizi atanifuta mimi. Kigezo namba moja ni "mfumo uwe na databesi". Mkitaka nidisko, yaani nifukuzwe chuo, semeni.

#36 Mzee_wa_Chaki
Hapo kijana yuko kwenye kona, nakiri. Mimi ningempa alama. Nina wenzangu watatu nikikaa nao meza moja wasingempa, wangeuliza "hii ndiyo kazi ya miaka mitatu?" Lakini bado hujajibu mtihani wangu. Nenda ukakae. Usile. Hesabu watu, sikiliza wanasemaje wakifika, andika. Kuanzia saa kumi na mbili jioni.

#37 FundiWaKurasa
Kesho naenda.

#38 TomatoSosi
Akakae kwenye banda la chipsi masaa manne asile? Mwalimu, hiyo ni adhabu ya kijeshi.

#39 Dada_wa_Kibokoni
Na mwamwagia tomato sosi juu ya mayai? Kwetu ni ukwaju na pilipili ya kusaga.

#40 TomatoSosi
Dada jina langu unaliona.

#41 FundiWaKurasa
Nimerudi wakuu. Jana nimekaa kwenye benchi la Anko kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku na daftari. Nimekula mara moja tu (samahani mwalimu). Ndefu kidogo, nivumilieni.

Wamekuja watu 83. Waliopiga simu kabla ni sita, wote madereva bajaji wa kijiwe cha pale mbele. Waliobaki wamekuja kwa miguu.

Kitu cha kwanza kilichonipiga: hakuna mtu aliyeagiza kama nilivyoandika kwenye menyu. Mimi nimeweka (nawatafsiria) "Chipsi kavu, sahani moja, 2,000". Mtu anafika anasema "Anko, za buku," yaani elfu moja. Mwingine "za buku jero, weka na mshikaki mmoja" (jero ni mia tano). Dada mmoja alikuja na jero mbili na mia mbili, akaziweka juu ya kabati la kioo, hakusema neno, Anko akampimia. Yaani mteja hataji chakula, anataja hela, na Anko anakata chipsi kwa jicho. Kikapu changu hakina sehemu ya kuandika buku jero. Kina "ongeza idadi": sahani moja, sahani mbili.

Cha pili, bei haiko sawa kwa watu wote. Fundi magari mmoja kapewa za buku zinazolingana na zangu za elfu mbili. Nikauliza, Anko akasema "huyu alinisukumia gari la viazi tope lilipojaa". Hilo nalo silioni kwenye databesi yangu.

Cha tatu, kuanzia saa mbili kasorobo foleni ilikuwa watu tisa, kumi. Hapo ndipo nikamuuliza moja kwa moja, Anko, kwa nini hutaki tovuti? Akaninyooshea kijiko cha kutolea chipsi kuelekea kwenye karai. Akasema: "Hili karai ni moja. Hao waliosimama wananitosha. Wewe unataka uniletee wengine niwakaange wapi?"

Sikuwa na jibu.

#42 Mzee_wa_Chaki
Hiyo posti #41 peke yake ni sura ya pili ya ripoti yako. Ile uliyonayo ichane.

#43 Forodhani_Jioni
Karai moja! Sasa hapo hata mimi nanyamaza. Mgeni wa Forodhani anasubiri, yuko likizo. Mwanafunzi mwenye njaa hasubiri.

#44 Kigogo_wa_Serva
Siyo lazima kunyamaza. Tatizo la foleni ndilo mtandao unaloweza kutatua! Mtu aagize kabla, Anko akaange mapema saa kumi na moja wakati hakuna watu, saa mbili mteja anakuja kuchukua. Na hiyo ya buku jero ni rahisi, safu ya bei ibadilishwe, mteja aandike kiasi cha hela badala ya idadi. Dakika kumi.

#45 Pilipili_Pembeni
Akaange saa kumi na moja mtu ale saa mbili. Kigogo, wewe chipsi zilizopoa zinazoinama kama mlenda unazila?

#46 Kigogo_wa_Serva
Anazirudisha kwenye mafuta.

#47 Pilipili_Pembeni
Kwenye karai lipi? Lile moja?

#48 Mchambuzi_wa_Mtaa
Mimi siamini hilo la karai. Karai la pili siyo gharama ya kumshinda mtu anayeuza watu 83 kwa masaa manne. Kama anataka kukua angenunua. "Karai ni moja" ni jibu la mtu mwenye adabu asiyetaka kukwambia sababu yenyewe. Narudi kwenye hoja yangu #29.

#49 Mama_Lishe_Nyegezi
Mwanangu, karai siyo chuma peke yake. Karai la pili ni jiko la pili, mkaa wa pili, kijana wa pili wa kumenya, na macho mawili ya kumwangalia huyo kijana asikupige kwenye hela. Mimi nilijaribu. Viazi vikipanda gunia, vile vinavyotoka Njombe mvua ikiharibu njia, unabaki unalipa mtu akae. Anko anajua anachosema.

#50 Boda_wa_Sinza
Mimi naona wote mmesahau hela. Amesema mteja anaweka jero mbili juu ya kioo. Oda za mtandaoni zinataka Lipa Namba, na Lipa Namba hela inakaa kwenye simu, asubuhi viazi sokoni anahitaji taslimu. Kuitoa ni makato. Tangu tozo zile za miamala ya simu za Julai 2021 wengi wa mtaani kwetu walirudi kwenye taslimu na hawajatoka.

#51 Binti_Mabibo
Tozo zilipunguzwa Septemba mwaka huohuo.

#52 Boda_wa_Sinza
Zilipunguzwa kwenye gazeti. Kichwani kwa mtu hazipungui haraka hivyo. Leo mwambie fundi viatu wangu akupe namba ya kulipia uone.

#53 Binti_Mabibo
Mimi nina jingine na mtanisamehe. FundiWaKurasa, umeandika tovuti nzima kwa Kiingereza cha hotelini. Nimehesabu, neno la Kiswahili pale ni "chipsi" tu, nalo limekosewa. Watu 83 waliokuja jana hakuna aliyesema vile. Ulimfungulia Anko kitu kinachouza baga kwa lugha ya watu wengine, ulitaka ajue ni banda lake kwa alama gani?

#54 FundiWaKurasa
Msimamizi alisema ripoti na mfumo viwe kwa Kiingereza.

#55 Mzee_wa_Chaki
Ripoti, ndiyo. Mfumo ni wa mtumiaji. Mwambie nimesema mimi. Bahati mbaya hanijui.

#56 KasukuWaKijani
Kwa hiyo mpaka sasa ni: picha nzito, kitufe kibovu, jopo, wageni na wenyeji, neno la siri la Mwanza, TRA, karai, tozo, Kiingereza. Kuna mwenye lingine kabla sijaenda kununua zege?

#57 FundiWaKurasa
Lipo. Limetokea leo mchana na limebadilisha kila kitu, au limeharibu, sijui.

Mke wa Anko, tunamwita Anti, ndiye anayekaa na kauntabuku inayoning'inia kwenye msumari pembeni ya kabati. Leo kaniita. Kumbe ile siku Anko aliifungua tena usiku nyumbani, wakaitazama wote wawili. Anti akaniambia hana shida na menyu, hana shida na picha. Alichokipenda ni ile sehemu ya wateja waliosajiliwa. Anasema, "Hapa si naweza kuandika jina la mtu na anachodaiwa, na simu ikamkumbusha yenyewe?"

Nikafungua kauntabuku. Kurasa na kurasa. Hosteli nzima imo humo, wengi wameandikwa kwa majina ya utani na namba za vyumba, pembeni "bumu likitoka", yaani hela ya mkopo wa chuo. Kuna mtu ameandikwa "yule mrefu wa miwani" na deni la elfu ishirini na sita. Anti anasema nikimtengenezea hiyo, barua ya msimamizi ataniandikia yeye, na muhuri atautafuta.

#58 Kigogo_wa_Serva
Hiyo ni rahisi kuliko tovuti yako yote. Jedwali mbili, wateja na madeni. Databesi unayo tayari, msimamizi anafurahi, Anti anafurahi. Hamisha leo.

#59 Mzee_wa_Chaki
Na kichwa cha mradi kilishapitishwa: "tovuti ya banda la chakula". Ukibadilisha wiki tatu kabla ya kutetea unahitaji barua ya kamati. Fikiria vizuri.

#60 Binti_Mabibo
Na madeni ya watu ni taarifa binafsi kuliko hata tarehe ya kuzaliwa. Ukiyaweka kwenye hosti ya bure yenye neno la siri 1234 hosteli nzima itajua nani anadaiwa. Weka kwenye simu ya Anti tu, isiende mtandaoni.

#61 Kigogo_wa_Serva
Isipoenda mtandaoni siyo tovuti tena.

#62 Mama_Lishe_Nyegezi
Mwambieni akimaliza anitumie na mimi. Neno la siri nikae nalo mwenyewe.

#63 Mchambuzi_wa_Mtaa
Kwa hiyo wanaitaka iwaandikie wanaowadai, hawaitaki iandike wanachouza. Siongezi neno.

#64 Dada_wa_Kibokoni
Nimemsomea dadangu #57. Amecheka mpaka akaunguza bajia. Auliza kama yaweza kumkumbusha mtu mara tatu kwa siku.

#65 FundiWaKurasa
Inaweza, dada. Ila wakuu nina swali moja la kiufundi, naomba mnijibu bila kunicheka. Kwenye MySQL, kuna njia mtu mmoja kwenye jedwali la madeni asionekane kwa Anti kwa muda, mpaka bumu litoke?

#66 Pilipili_Pembeni
Hahahaha. Yule mrefu wa miwani?

#67 FundiWaKurasa
Siyo mimi huyo. Mimi nipo ukurasa wa nyuma yake. Elfu kumi na moja na mia tano, na zege mbili kati ya hizo alikula rumeti wangu.